GnuPG inasoma mipangilio ipi? Iulize yenyewe

Ukihariri gpg.conf (faili la mipangilio la GnuPG, programu ya kusimba na kusaini data) na hakuna kinachobadilika, usianze kupekua mafaili moja moja. Andika `gpgconf --show-configs`. Itakutolea mafaili ya mipangilio ya mfumo mzima (kwenye Linux mara nyingi yako /etc/gnupg) pamoja na yako binafsi, na yaliyomo ndani yake. Hapo ndipo huwa unagundua kumbe ulikuwa unahariri faili lisilosomwa na mtu.

Ukitaka thamani moja tu, mfano muda ambao gpg-agent (sehemu ya GnuPG inayoendeshwa chinichini na kutunza funguo) hukumbuka nywila: `gpgconf --list-options gpg-agent | grep cache-ttl`. Safu za kila mstari zimetenganishwa kwa nukta mbili (:). Safu ya 8 ni thamani ya msingi (default-cache-ttl ni sekunde 600), ya 10 ni uliyoweka wewe. Ya 10 ikiwa tupu, hujaweka kitu. Haipendezi macho, lakini inafanya kazi.

Inapogoma: matoleo ya zamani hayaijui hiyo amri ya kwanza, tumia `gpgconf --list-dirs` upate walau njia za mafolda. Ukiendesha gpgconf kwa sudo unaweza kuonyeshwa mipangilio ya root (msimamizi wa mfumo), si yako. Na gpg-agent iliyokwisha kuwaka haisomi mabadiliko mpaka uiambie: `gpgconf --reload gpg-agent`.