Nguzo ya kumi na nne: namna ya kuendelea na mazoezi wakati huoni mabadiliko

Mimi ni fundi cherehani, naishi Temeke, nina miaka 49. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Februari 2023 nilipimwa presha, ikaonekana imepanda, nikaambiwa nianze mazoezi. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba yetu hadi ya tatu, pumzi ikakata. Wiki ya tisa nilikuwa bado nahema kwenye nguzo ya tano. Hapo nilitaka kuacha, na najua wengi huishia hapohapo. Nitakueleza kilichonivusha.

Anza kwa kuangalia unapima nini. Mimi nilikuwa napima kwa mizani, na mizani haikusogea hata kilo moja. Kumbe moyo hubadilika kabla kiuno hakijabadilika. Kila Jumapili, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha uandike na tarehe. Ile wiki ya tisa nilihesabu 82. Wiki sita baadaye, 76. Mizani ilikuwa palepale, lakini moyo wangu ulikuwa umeanza kupumzika. Ninachojutia ni kwamba sikuhesabu tangu siku ya kwanza. Wewe hesabu kesho.

Usijilinganishe na juzi. Mara moja kwa mwezi, pita njia ileile, saa ileile (mimi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri), uone umefika wapi. Hata hapo, joto litakudanganya. Julai ile nilifika nguzo ya 14 nikarudi nyumbani naimba. Januari iliyofuata nikaishia ya 11, nikalia njiani. Niliamini miezi yote imepotea. Lakini Dar mwezi wa kwanza si Dar ya mwezi wa saba. Hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na moyo unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili mwili upoe. Miguu inabaki na kidogo. Mwendo uleule unakuwa mzigo mkubwa zaidi. Nilipofungua daftari nyuma hadi kwenye joto la mwaka uliotangulia, nikakuta nguzo tatu. Tatu na 11! Tangu hapo nalinganisha kiangazi na kiangazi, kipupwe na kipupwe, na naomba na wewe ufanye hivyo, maana naamini watu wengi wameacha mazoezi kwa sababu ya hali ya hewa wakidhani wameshindwa.

Punguza mwendo. Unakumbuka mchakamchaka wa shuleni? Tulikimbia tukiimba. Hicho ndicho kipimo: kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio mno. Anayeanza akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki, na kati ya siku hizo apumzike. Pumzi huongezeka mapema, lakini kano na mifupa huchelewa. Mimi nilipoona pumzi ipo niliongeza ghafla, nikapata maumivu ya ugoko yaliyoniweka nje wiki tatu. Na ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, simama, nenda hospitali.

Tafuta mtu. Jirani yangu anayeuza chapati huamka mapema kuliko mimi. Nisipotoka, anagonga dirisha. Raba zangu hulala mlangoni, na trakisuti iko juu ya kiti, ili nisiwe na cha kutafuta gizani.

Kwenye jalada la daftari nimeandika 2017–2025. Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu aliipata Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros. Waliachana kwa sekunde 0.03. Kati ya medali hizo mbili ipo miaka minane, na yeye kukimbia ndiyo kazi yake. Nikiona mwezi umepita bila nguzo mpya, naangalia jalada.

Zipo asubuhi ambazo mwili unakataa kabisa, hasa msimu wa sikukuu ninapolala saa nane usiku nikimalizia nguo za wateja. Siku hizo nina sharti moja tu: nivae raba, nitembee hadi nguzo ya kwanza, nikitaka kurudi nirudi. Mara nyingi nikishafika hapo naendelea. Nisipoendelea, naandika tarehe, na mbele yake “nguzo 1”. Mpaka leo ninazo siku kama hizo 17, na zote zimo daftarini pamoja na zile za nguzo 14.