Imparfait ya Kifaransa, kama nilivyojifunza mbele ya michoro ya Kolo

Kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nakaa Dodoma mjini, na wageni wanaosema Kifaransa huwa nawachukua hapa, tukashika barabara ya Babati mpaka Kolo. Msimu wangu wa kwanza nilisimama chini ya mwamba nikasema: "Les gens ont chassé ici." Mama mmoja kutoka Lyon akaniuliza: "Quand?" Lini? Alikuwa na haki ya kuuliza, maana nilichomwambia ni kwamba watu waliwinda pale, jambo likaisha. Nilichokusudia ni kwamba walikuwa wakiwinda pale, vizazi kwa vizazi. Nilipaswa kusema "Les gens chassaient ici." Umbo hilo ndilo imparfait, wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea au la mazoea.

Kuiunda si kazi. Chukua kitenzi cha wakati uliopo, nafsi ya nous, yaani sisi: nous chassons, tunawinda. Kata -ons, linabaki shina chass-. Hapo bandika: je chassais, tu chassais, il chassait, nous chassions, vous chassiez, ils chassaient. Miisho hiyo sita haibadiliki kwa kitenzi chochote.

Ila shina lazima litoke kwenye nous, wala si kwenye kitenzi kama kilivyo kamusini. Peindre, kuchora, kinawaponza wengi: ukikata -re unapata peind-, na hapo umeshapotea. Sema kwanza nous peignons, ndipo upate ils peignaient. Boire: nous buvons, il buvait. Finir: nous finissons, je finissais. Kinachokataa kanuni ni être peke yake; shina lake ni ét-, j'étais, c'était. Vile visivyo na nous vikariri tu: il fallait, il pleuvait. Na manger hubeba e yake mbele ya a, je mangeais, ila nous mangions haina.

Sisi tumezoea kutamka kila herufi tuionayo, kwa hiyo hapa sikio linahitaji kazi. Chassais, chassait na chassaient ni sauti moja. Ile -ent ya mwisho usiiguse kabisa.

Sasa matumizi, na hapa ndipo Kiswahili chako kinakusaidia kuliko vitabu vingi. Jiulize: naweza kusema "alikuwa akifanya" au "alikuwa anafanya" bila maana kupotea? Ukiweza, tumia imparfait. Ukiona -ka- ya kusimulia, tukio juu ya tukio, hiyo ni passé composé, wakati uliopita wa tukio lililokwisha, kama ile "ont chassé" yangu. Masika moja, njiani kwenda Kolo, ilikuwa hivi: mvua ilikuwa ikinyesha, gari likakwama, tukashuka. "Il pleuvait, la voiture s'est enlisée, nous sommes descendus." Mvua ndiyo hali iliyotuzunguka, haina mwanzo wala mwisho ndani ya sentensi. Kukwama na kushuka ni matukio, kila moja limetokea likaisha.

Anayedanganya ni -li-, kwa sababu anabeba yote mawili. "Zamani bibi alipika ugali wa uwele kila jioni": ina -li-, lakini ni mazoea, kwa hiyo "ma grand-mère faisait". "Babu aliishi Bahi" kama maelezo ya maisha yake ni "il habitait à Bahi". Ukiongeza hesabu, "aliishi Bahi miaka minane", umeshaifunga habari: "il a habité huit ans à Bahi." Hili la muda uliohesabiwa lilinichukua muda mrefu kulikubali, kwa sababu miaka minane ni mingi na kuishi ni jambo la kuendelea. Lakini Kifaransa hakipimi urefu. Kinaangalia kama umeweka mpaka.

Jambo jingine ni neno la Kifaransa si, yaani "kama". Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili: ningekuwa na maji, ningekupa. Kifaransa hakifanyi hivyo, baada ya si inakuja imparfait, na upande wa pili ndio unaochukua conditionnel, umbo lenye maana ya -nge-: "Si j'avais de l'eau, je t'en donnerais." Ukisema "si j'aurais" watakuelewa, lakini ni kosa wanalolisikia papo hapo. Si hiyohiyo hupendekeza jambo kwa upole, na mimi huitumia kila safari jua linapopanda: "Si on marchait un peu à l'ombre?" Vipi tukitembea kidogo kivulini?

Zoezi ninalowapa vijana wanaojifunza kazi hii ni kueleza soko la Majengo walivyolijua utotoni, nani alikuwa akiuza nini, kulikuwa na harufu gani, kisha wataje jambo moja lililotokea siku moja. Kitenzi kibadilike hapo tu.

Mimi siku hizi mbele ya mwamba nasema hivi, taratibu, huku nikinyoosha mkono kwa pofu na twiga waliochorwa kwa rangi nyekundu: "Ici, les gens chassaient. Ils connaissaient bien les animaux, et ils les peignaient sur la roche. En 1951, Mary Leakey est venue copier ces peintures." Yaani: hapa watu walikuwa wakiwinda; waliwajua vizuri wanyama, na walikuwa wakiwachora mwambani; mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kunakili michoro hii.