SOMO: Biashara yako inataka kusaidia sayansi na mazingira shuleni? Soma hapa kabla hujanunua chochote

Salaam nyote. Swali ni lilelile kila wiki: "Nina biashara Mombasa, nataka kusaidia shule upande wa sayansi na tabianchi, nianzie wapi?" Nimelijibu faraghani mpaka nimechoka, kwa hivyo naandika mara moja hapa. Atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, si mwalimu. Haya ni yale tunayofanya wenye karakana na maduka wa Changamwe na Jomvu pamoja na shule za jirani, na baadhi ya shule hizo zina wanafunzi wasioona na viziwi. Ukisahau mengine yote, shika hili: panga kazi nzima ukianza na yule mtoto ambaye hubaki darasani wenzake wakitoka nje kupima. Ukimaliza kila kitu ndipo umkumbuke, hutapata tena nafasi ya kumweka.

Hatua ya 1. Nenda shuleni mikono mitupu. Muone mwalimu mkuu, halafu ukae na mwalimu wa sayansi umuulize anakwama wapi. Sikiliza zaidi ya unavyosema.

Hatua ya 2. Kila unachotoa kipitie bodi ya shule, kiandikwe, upewe stakabadhi.

Hatua ya 3. Mfanyakazi wako yeyote atakayekuwa na watoto awe na cheti cha tabia njema, na mwalimu asitoke chumbani. Hili halina mjadala.

Hatua ya 4. Angalia biashara yako ina sayansi gani. Ipo. Mimi naonyesha joto linavyohamishwa: nyuma ya friji kuna moto, ndani kuna baridi, mtoto anaweka viganja pande zote mbili anaelewa. Kisha nawaambia ukweli wa kazi yangu, kwamba kilo moja ya gesi ya friji iitwayo R-134a ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dioksidi zikipimwa kwa miaka 100, na ndiyo maana sikubali gesi iachiliwe hewani. Mwenye mabati ana hesabu nzuri kuliko yangu: mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja kamili. Darasa likipima paa la shule, litajua tangi linalofaa ni la ukubwa gani.

Mkiniambia biashara na mazingira haviendi pamoja, nendeni Bamburi. Pale Haller Park palikuwa machimbo ya kampuni ya saruji, mwamba mtupu. Tangu 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akapanda miti, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Lakini majani yake yalikuwa hayaozi, yakirundikana tu. Wakaletwa jongoo, wakayala, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Hilo ni somo zima la sayansi, na liko kando ya barabara ya Malindi.

Hatua ya 5. Kifaa kimoja ambacho kila mtoto anaweza kukisoma mwenyewe. Someni pole pole, maana miradi mingi hufia hapa. Watu hununua kituo cha hali ya hewa chenye skrini, wanafunzi wawili wanasoma namba, na asiyeona anaambiwa na wenzake "leo ni milimita kumi na mbili". Huyo hajapima, amesimuliwa.

Sisi tunatengeneza kipimamvua cha kusomwa kwa kidole. Bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa mita moja, lizibwe chini kwa kofia na gundi, lisimamishwe wima kabisa. Juu yake faneli yenye mdomo wa sentimita 16. Eneo la mdomo huo ni kama mara kumi ya eneo la bomba, kwa hivyo mvua ya milimita 1 inapandisha maji bombani kwa takriban sentimita 1. Kidole gumba hakiwezi kutegemewa kwa milimita. Sentimita kinaihesabu bila taabu. Kiboya ni vipande viwili au vitatu vya ndara kuukuu vilivyogandishwa pamoja (ufuoni zimejaa), vikatwe duara litakalopita bombani bila kukwaruza. Katikati simamisha mwanzi mwembamba ulionyooka. Uchanje kwa msumeno kila sentimita 1, na kila chanjo ya tano iwe ya kina zaidi. Chanjo zinapoanzia, juu ya mwanzi, ndipo sifuri; hapo funga mpira. Saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa hapa kwetu husoma mvua, mtoto anatoa faneli, anateremsha kiboya, anafunika kifuniko chenye tundu, kisha anapitisha kidole kutoka kwenye mpira kushuka hadi kifunikoni akihesabu chanjo.

Maonyo:

Kiboya hakielei kwenye bomba kavu. Mwanzoni mimina maji mpaka kielee na mpira wa sifuri ulingane na kifuniko. Kila baada ya kusoma, rudisha maji hapo hapo, hata siku isiyo na mvua, maana jua hupunguza. Mkiliacha hili, daftari lote ni uongo.

Msikiweke chini ya mwembe wala ubavuni mwa jengo. Jengo la mita nne, kaa umbali wa mita nane au zaidi.

Bomba la mita moja halitoshi mvua kubwa ya masika. Siku ya namna hiyo someni mara mbili, mjumlishe.

Njia ya kukifikia iwe ngumu na sawa ili kiti cha magurudumu kipite, na iwe na kamba ya kufuata kwa mkono. Kifaa kizuri kikiwa katikati ya mchanga, mmemfungia mtu nje.

Hatua ya 6. Nunua daftari la jalada gumu, na nakala ikae ofisini kwako. Tabianchi husomwa kwa kumbukumbu za miaka 30, kwa hivyo daftari lina thamani kuliko bomba.

Hatua ya 7. Walete karakanani. Kiziwi hawezi kutazama mashine na mkalimani kwa wakati mmoja. Onyesha, nyamaza, mpe mkalimani nafasi aeleze, ndipo uendelee. Mpe mkalimani maneno ya kazi siku kadhaa kabla, kwa sababu "kandamizi" (kompresa ya friji) hana ishara yake mfukoni. Wasioona waache washike, mashine ikiwa imezimwa na umeme umekatwa kwenye swichi kuu.

Hatua ya 8. Weka fungu la matengenezo. Gundi huachia, faneli hupasuka juani.

Maswali karibuni.

—

Bohari Shimanzi: Mimi sina muda wa vikao. Siwezi kutoa pesa tu?

Fundi: Unaweza. Lipia usafiri wa gari ambalo kiti cha magurudumu kinaingia, na malipo ya mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Hayo ndiyo hukosa mfadhili. Stakabadhi iko Hatua ya 2.

Duka la Simu: Tupia picha za watoto wakipima, tuamini.

Fundi: Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata bila sheria mimi sitatangaza biashara kwa sura ya mtoto mwenye ulemavu. Njoo uone bomba.

Duka la Simu: Nimeuliza tu.

Fundi: Nami nimejibu.

Mlipa Kodi: Hii si kazi ya serikali? Katiba ya 2010 imesema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia elimu, na sheria ya tabianchi ya 2016 imezungumzia mitaala. Kwa nini sisi tubebe?

Fundi: Serikali inadaiwa na iendelee kudaiwa, nitasimama nawe katika hilo. Lakini mtoto wa Gredi ya 7 mwaka huu atakuwa Gredi ya 8 mwakani, hasubiri kesi yetu iishe. Kuonyesha friji haimwondolei waziri kazi yake.

Mwalimu wa Likoni: Ahsante kwa hili. Nina msichana asiyeona, maswali yake kuhusu bahari hayaishi. Mvua tumeelewa. Bahari tutampimishaje?

Fundi: Mwalimu, swali kama hili linanifurahisha, nitajibu kwa urefu.

Chukua kamba yenye fundo kila sentimita 20 na jiwe mwishoni, mpeleke kwenye gati salama pamoja na mtu mzima anayejua maji. Ateremshe mpaka jiwe liguse chini, ahesabu mafundo yaliyolowa. Warudi saa sita baadaye. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita tatu; siku za maji mafu ni ndogo sana. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji ya Kilindini, mlinganishe hesabu yake nalo. Akijua bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ataelewa pia kwa nini mafuriko ya pwani huwa mabaya zaidi mvua kubwa ikikutana na bamvua.

Kisha mpeleke mikokoni wakati wa maji kupwa. Kenya ina aina tisa za mikoko, na kadhaa hutambulika kwa mkono. Ule unaoitwa mkoko hasa una mizizi iliyopinda kama matao, ataishika usawa wa kiuno chake. Mchu umezungukwa na mizizi myembamba iliyochomoza topeni kama penseli. Muia una mizizi iliyokunjika kama goti. Halafu mwambie alambe jani la mchu: ni la chumvi, kwa sababu mti huo hutoa chumvi kupitia majani. Mwenzake anayeona hatalijua hilo kwa kutazama tu. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko hapo Mkomani, waandikieni barua. Na mkipata gari, Gazi kuna Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza 2013, unaouza hati za kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na sehemu ya mapato imeenda kwenye maji na shule.

Mwalimu wa Likoni: Hilo la kulamba jani sikulijua. Tutakwenda.

Hoteli Ndogo Nyali: Sisi tunataka kueleza wanafunzi kuhusu matumbawe. Tuanzie wapi?

Fundi: Anzeni na 1998. El Niño ya 1997 na 1998 ilipasha bahari joto, matumbawe ya pwani yetu yakapauka na mengi yakafa. Elezeni kwamba tumbawe huishi na mwani mdogo ndani yake unaolilisha, na joto likizidi tumbawe huutoa mwani huo. Mifupa ya matumbawe iliyo kwenye kuta za nyumba za zamani inaweza kushikwa, msivunje mapya. Halafu wafungulieni chumba cha jenereta na bili ya umeme, wakokotoe. Mkiwafundisha tabianchi mkaficha mtungi wa dizeli, watajua.

Hoteli Ndogo Nyali: Bili pia?

Fundi: Bili pia. Watoto walitupigia hesabu wakatuonyesha friji moja mlango wake haufungi sawasawa.

Fundi Seremala: Nyongeza kwa grafu ya mvua. Ubao wa futi mbili, misumari midogo kwa mistari sawa, mwezi mmoja kila safu. Mpira wa kufungia pesa unazungushwa kuanzia msumari wa chini hadi wa kipimo. Asiyeona anasoma masika na vuli kwa kiganja.

Fundi: Nzuri sana hii. Kingo za ubao uzipige msasa, na vichwa vya misumari viwe vipana visichome.

Mgeni Hapa: Nina biashara ndogo, nataka kusaidia shule, nianzie wapi?

Fundi: Hatua ya 1.

Mwalimu wa Likoni: Seremala, umbali wa misumari ni kiasi gani?

Fundi Seremala: Sentimita mbili. Vidole vya Gredi ya 4 vinapita vizuri. Nikiwa na mbao zilizobaki wiki ijayo nitakukatia mbili, uje uchukue Magongo.