Namna ya Kujijengea Kazi ya Uimbaji na Upigaji wa Ala Nyingi Ukiwa Zanzibar

Mwimbaji wa Unguja au Pemba anayetaka kuishi kwa muziki, na kufika siku moja katika majukwaa ya nje ambako taarabu na kidumbaki huuzwa chini ya jina la muziki wa dunia, mara nyingi huanza kwa kununua ala. Ningemshauri atangulize kutafuta nafasi katika kikundi. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu mwaka 1905, Culture Musical Club ina mizizi yake katika miaka ya 1950, na chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimesomesha wapigaji wengi ambao leo wana vikundi vyao. Anayekaa ndani ya kikundi huisikia kila ala ikifanya kazi yake, na ala ya pili humjia kwa sababu siku moja mpiga rika, ile tari ndogo yenye vibati vya kulia, amesafiri na harusi haiwezi kuahirishwa. Upigaji wa ala nyingi wenye faida ni huo wa kuziba pengo; mtu anayejua ala sita kila moja kwa wimbo mmoja hawezi kuajiriwa kwa hata moja.

Mapigo ndiyo ya kutangulia. Dumbaki, bongo na rika hazina gharama kubwa, na kwa wengi zinafunzika haraka kuliko ala za nyuzi, lakini faida yake hasa ni kwamba mwimbaji aliyezizoea haipotezi zamu yake wapigaji wanaporefusha kipande cha muziki mtupu katikati ya wimbo. Mwenye kuweza kuingia katika kidumbaki cha mtaani, chenye ngoma mbili ndogo, sanduku la kutoa sauti ya besi, fidla, cherewa na mkwasa, aingie bila kuona haya, kwa kuwa huko nyimbo huunganishwa moja kwa nyingine bila kusimama na wachezaji hawamsubiri mtu.

Baada ya hapo ichaguliwe ala moja ya kudumu, na kwa mwimbaji swali la kwanza ni kama ala hiyo inamwachia mdomo na kidevu. Nai, ambayo ni filimbi, haiwezekani kabisa, na fidla inayobanwa kidevuni humlazimisha aimbe na kupiga kwa kupokezana. Udi ndio unaofaa zaidi: kwa kawaida una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene, na unabebeka. Amina Omar, anayejulikana kama Siti Amina, ameonyesha kwa uwazi jinsi mwimbaji wa kike anavyoweza kuongoza kikundi akiwa na udi mkononi, jambo lililokuwa nadra katika taarabu, ambamo ala zilikuwa zaidi za wanaume. Kanuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, nayo inauacha mdomo huru, lakini ina nyuzi zinazokaribia 78, zilizofungwa tatu tatu, na kuitengeneza sauti kabla ya onyesho ni kazi ya peke yake. Hewa yetu ya chumvi na unyevunyevu hulegeza gundi na kuinywesha maji ngozi ya kanuni, hivyo ala isiwekwe karibu na dirisha la baharini, na ndani ya kasha kuwe na vifuko vya kunyonya unyevu.

Hapa pana jambo ambalo wanaojifunza kwa kutazama video hulikosa. Rast na Bayati, ngazi za sauti za Kiarabu zinazotumika katika taarabu, zina sauti zinazokaa baina ya vitufe vya kinanda, na akodiani ya kawaida haiwezi kuzitoa, ilhali udi na fidla, zisizo na vigawanyo shingoni, huzitoa bila taabu. Mwimbaji aliyelelewa na kinanda peke yake atazinyoosha sauti hizo bila kujua, na mahadhi yatapoteza ladha. Kwa hiyo sikio lijengwe kwa udi au fidla kwanza, akodiani na kinanda vifuate. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim hadi Misri kujifunza kanuni. Leo anayetaka ujuzi huo anaweza kuupata Mji Mkongwe, ilimradi akae mbele ya mwalimu.

Sauti yenyewe inafuata shairi. Katika mshororo wa mizani 16 uliogawika nane kwa nane, pumzi ivutwe kwenye kituo, si katikati ya neno, na kina kisimezwe na kitikio. Anayetoka Pemba asiache nyumbani kibati, uimbaji wa jadi wa huko: mbio zake za maneno na utungaji wa papo kwa papo ni mazoezi makali ya ulimi kuliko mengi yanayofundishwa darasani, na ni kitu ambacho msikilizaji wa nje hajakisikia kwingine.

Kuhusu kipato, kalenda ni muhimu kuliko umaarufu. Hoteli hupungua wageni wakati wa masika, nyingine hufunga kabisa Aprili na Mei, na katika Ramadhani muziki husimama. Kwa kuwa mfungo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, ratiba ya mwaka uliopita haifai kunakiliwa. Mwezi wa Februari uliokuwa wa kazi waweza kuwa wa mfungo. Harusi na siku za Idd huziba sehemu ya pengo, lakini pesa za kutunzwa na wasikilizaji wakati wa kuimba zihesabiwe kuwa bahati, si mshahara. Kazi ya hotelini ni halali na inalipa kodi ya nyumba, ingawa mwenye kuimba nyimbo zilezile za watalii kila usiku huona ala zake zikidumaa, kwa hiyo ni vyema akubaliane na meneja mapema kuhusu nafasi ya nyimbo zake mwenyewe.

Nyimbo hizo ziandikishwe COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, kwa kuwa hakimiliki Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2003, iliyo mbali na ile ya Bara. Katika taarabu mtunga shairi, mtia mahadhi na mwimbaji mara nyingi ni watu watatu. Waandikwe wote na mgao wao siku ya kurekodi, wakiwa bado wanacheka pamoja. Wimbo wa jadi haumilikiwi na mtu. Anachoweza kudai msanii ni mpangilio wake.

Kwa kutafuta jukwaa, Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar lililoanza mwaka 2004, ndilo la karibu zaidi, na linataka muziki unaopigwa moja kwa moja. Video ya maombi iwe ya onyesho halisi, wimbo mzima, kamera imetulia, na ala zote zisikike. Picha za ufukweni zilizounganishwa na sauti ya studio hazimwambii mchaguzi chochote. WOMEX, soko la muziki linalofanyika Ulaya kila Oktoba, ni jambo jingine: msanii huenda huko kuonekana na waandaaji, asitarajie malipo. Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya soko hilo mwaka 2005, akiwa ameimba kwa miongo mingi.

Mwaliko ukija, usijibiwe kwa furaha kabla ya kusomwa. Mkataba utaje malipo kwa kikundi kizima, nani anagharamia viza, tiketi na malazi, na malipo ya awali yatafika lini. Viza ya Schengen ya muda mfupi haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180, hivyo siku za safari mbili zinazoangukia ndani ya siku 180 hizo zihesabiwe pamoja. Fundi wa sauti apelekewe mapema mchoro wa jukwaa na orodha ya ala, ikieleza kwamba udi unahitaji maikrofoni yake na kwamba mwimbaji anabadilisha ala baada ya wimbo upi, kwa sababu muda wa kupima sauti tamashani ni mfupi. Shirika la ndege nalo liulizwe kabla ya kukata tiketi kama kasha la udi litaruhusiwa ndani. La kanuni huenda likahitaji kulipiwa kiti au kusafirishwa kama mzigo, na gharama hiyo iingizwe katika mkataba, isitolewe mfukoni mwa mpigaji.