Kuomba pasipoti ukiwa Nyanda za Juu Kusini: hatua kwa hatua

Maombi mengi ya pasipoti huharibika kabla fomu haijafunguliwa, na kinachoyaharibu ni majina. Tandika mezani cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa cha baba au mama. Soma herufi kwa herufi.

Hatua ya 1: Majina na tarehe

Cheti kinasema Lukelo, NIDA inasema Rukelo. Jina la ubatizo lipo kwenye cheti cha shule, kwingine halipo. Ukoo ni Mwakyoma huku, Mwakioma kule. Kijijini wote wanajua ni wewe, lakini mfumo unaona watu wawili. Tarehe nayo iangalie: tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA, kati ya zote 20, ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa.

Kosa la NIDA lirekebishe NIDA, la cheti cha kuzaliwa lirekebishe RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Tofauti ndogo ya tahajia wakili anaweza kuieleza kwa kiapo. Kubadili jina lenyewe kunataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wengi hulipia kiapo wakidhani jina limeshabadilika, kumbe liko vilevile.

Hatua ya 2: Cheti chako na cha mzazi

Karatasi aliyopewa mama yako hospitali ni tangazo la kuzaliwa. Usiende nayo ukiiita cheti. Cheti hutoka RITA, na usajili hufuata wilaya uliyozaliwa: umezaliwa Makete, unaishi Uyole, usajili wako ni wa Makete. Kusanya kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji, chochote ulichonacho kati ya hivyo.

Wazee wengi wa Rungwe, Ileje na Ludewa walizaliwa nyumbani na hawana cheti. Hapo hutumika kiapo cha kuzaliwa cha mzazi. Kiandikwe mzee mwenyewe akiwa amekaa hapo, maana wewe ukikisia mwaka wake, utagongana na NIDA yake.

Ukiwa wa Tunduma au Kasumulu, jiandae kwa maswali ya uraia. Ndugu wako Zambia au Malawi na ofisa anajua. Ujue babu na bibi wa pande zote mbili walizaliwa kijiji gani, na ujibu bila kukunja uso. Mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, ndiyo maana wanachimba.

Hatua ya 3: Picha na sababu ya safari

Picha ndogo ya karibuni, nyuma kuwe na rangi ya bluu iliyopauka. Usivae shati la bluu hiyohiyo, mabega yatapotea. Ushahidi wa safari au wa shughuli zako: barua ya mwaliko, ya udahili, ya mwajiri, au leseni ya biashara.

Hatua ya 4: Fomu na malipo

Ingia immigration.go.tz na ujaze ombi la pasipoti ya kawaida. Pandisha viambatisho vikiwa vimeskaniwa vizuri. Picha ya simu iliyopigwa kwenye kivuli cha steshenari haisomeki. Andika namba ya ombi kwenye daftari, kwa sababu ndiyo utakayorudia kuingilia.

Mfumo utakupa namba ya malipo. Ada ya fomu ni shilingi 20,000, benki au kwa simu, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Ndiyo sababu majina yalitangulia. Pesa iingie kwenye namba hiyo tu. Kishoka, yaani dalali asiye rasmi, anayetaka umtumie kwenye simu yake mkwepe.

Chapisha fomu, iweke saini, ipeleke kwa wakili au hakimu aithibitishe.

Hatua ya 5: Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa

Nenda mwenyewe, asubuhi, na nyaraka halisi pamoja na nakala. Hapo utalipa shilingi 130,000 zilizobaki, jumla 150,000, na utachukuliwa alama za vidole.

Vidole ndivyo vinavyowasumbua watu wa huku. Anayechuma chai Mufindi au kuvuna viazi Njombe ana ncha za vidole zilizosuguliwa na jembe, na baridi ya Juni na Julai huzipasua zaidi. Mashine husoma mara tatu, nne, haipati kitu. Wiki moja kabla, paka mafuta ya mgando mikononi kila usiku, na pumzisha jembe siku mbili tatu za mwisho. Asubuhi ya kwenda, loweka vidole kwenye maji ya vuguvugu kisha vikaushe kabisa: mafuta yakibaki, mashine inateleza.

Hatua ya 6: Kuchukua kitabu

Kifungue ukiwa bado dirishani. Kagua tahajia, tarehe na jinsia, ukilinganisha na cheti. Pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10, ila nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 mbele, kwa hiyo hesabu mwisho wake kwa kuutoa huo nusu mwaka.