Namna ya Kumsaidia Mgonjwa wa Kiharusi Anayepoteza Upande wa Kushoto wa Namba

Kiharusi kikiharibu nusu ya kulia ya ubongo, mgonjwa anaweza kuacha kabisa kuujali upande wake wa kushoto ingawa macho yake ni mazima: anakula wali wa upande wa kulia wa sahani na kuuacha wa kushoto, au ananyoa shavu moja tu. Jambo ambalo familia nyingi huchelewa kuligundua ni kwamba upungufu huo huingia hata katika hesabu. Mama yangu mkubwa, aliyekuwa na genge Temeke, alidhaniwa kwa wiki kadhaa kuwa amechanganyikiwa, na baadhi yetu tulimsema vibaya, jambo linaloniuma mpaka leo.

Anza kwa kupima mambo mawili mbalimbali. Kwanza, mwandikie 45,000 umwombe aisome. Ikiwa anasoma 5,000, lakini akitamkiwa "elfu arobaini na tano" anaelewa sawasawa, basi kinachompotea ni tarakimu za kushoto. Pili, bila karatasi, muulize ni namba gani iliyo katikati ya 11 na 19, naye ajibu papo hapo pasipo kukokotoa. Mwaka 2002 watafiti Marco Zorzi, Konstantinos Priftis na Carlo Umiltà walieleza katika jarida la Nature kwamba wagonjwa wa aina hii waliweza kujibu 17, na kati ya 2 na 6 wakasema 5, ilhali hesabu za kawaida hazikuwashinda. Inaelekea akili huzipanga namba kama mstari, ndogo zikiwa kushoto na kubwa kulia, na mgonjwa huupoteza mwanzo wa mstari huo kama anavyoupoteza ukingo wa sahani. Tumia namba zilizoachana vya kutosha, kwa kuwa zikikaribiana mno kosa hupungua, pengine hata kugeukia upande wa pili. Usishangae pia akishindwa kipimo kimoja na kufaulu kingine, maana matatizo haya mawili si lazima yaandamane.

Kwa anayeshindwa kusoma, chora mstari mnene mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa karatasi, na umfundishe kutosoma chochote kabla kidole chake hakijaugusa mstari huo. Tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 imwandikie nne nne, kila kundi chini ya lenzake, ili jicho lishuke badala ya kusafiri kwenda kushoto. Noti zina nafuu kwa sababu rangi humwongoza: msimbazi wa 10,000 ni mwekundu, noti ya 1,000 ni ya buluu. Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu, anapotuma fedha. Asithibitishe muamala wowote kabla ya kukutamkia kiasi hicho kwa sauti, akianzia tarakimu ya kwanza.

Kwa anayekosea katikati, usimwachie kukadiria, bali mtegemeze kwenye kile kilichosalia kizima, yaani kukokotoa. Muuzaji wa Kariakoo akitaka 19,000, naye mgonjwa ametaja 11,000 na wanataka kukutana katikati, ajumlishe kwanza, apate 30,000, kisha agawe kwa mbili. Mama mkubwa alipozoea njia hiyo alirudi gengeni, akiwa na daftari lenye ukingo mwekundu, na mjukuu wake amekaa upande wa kushoto.