Jinsi ya Kusimamia Skima na Fasili za API Katika Rejista Moja

Katika mfumo wenye huduma nyingi zinazopelekeana ujumbe, lawama nyingi huanzia kwenye umbo la data: timu ya malipo hubadilisha uga mmoja (kipengele kimoja cha data, kama kiasi) jioni, na asubuhi timu ya ripoti hukuta programu yake imegoma. Rejista ya skima, yaani programu inayotunza maelezo ya umbo la data (skima) na matoleo yake, huwekwa ili badiliko la namna hiyo likataliwe kabla halijafika kwenye seva. Mwongozo huu unatumia Apicurio Registry, programu huria iliyoanzishwa na Red Hat, ambayo hupokea skima zilizoandikwa kwa Avro, Protobuf na JSON Schema pamoja na fasili za API (maelezo ya jinsi programu moja inavyowasiliana na nyingine) zilizoandikwa kwa OpenAPI, AsyncAPI na WSDL. Anwani zilizotajwa hapa ni za toleo la 3.

Kwanza amua pa kuhifadhi. Ukiiwasha rejista bila kuielekeza popote, hutumia kumbukumbu ya muda, na ikizimwa kila kitu hupotea. Hali hiyo inafaa kwa majaribio tu. Kwa kazi halisi iunganishe na hifadhidata ya PostgreSQL au na Kafka, mfumo unaobeba ujumbe kati ya huduma. Kisha gawa makundi kwa kufuata anayewajibika na data, kwa mfano kundi la malipo na kundi la wateja. Kugawa kwa aina ya faili hakumsaidii mtu anayetaka kujua amuulize nani.

Weka kanuni kabla ya kusajili skima yoyote, kwa kuwa kanuni hukagua kinachoingia baada yake na hazirudi nyuma kukagua kilichokwisha kuingia. Kanuni ya uhalali huzuia faili yenye makosa, na kanuni ya upatanifu hulinganisha toleo jipya na yaliyotangulia. Ya pili huwekwa kwa mfumo mzima kwa kutuma ombi la HTTP la POST kwenye /apis/registry/v3/admin/rules yenye maneno haya:

{"ruleType": "COMPATIBILITY", "config": "BACKWARD_TRANSITIVE"}

Kundi, au hata skima moja, linaweza kupewa kanuni yake, na kanuni iliyo karibu zaidi na skima ndiyo inayofuatwa.

Thamani ya kanuni hii haichaguliwi kwa mazoea, maana ndiyo inayoamua nani atangulie siku ya kupandisha toleo. BACKWARD maana yake msomaji (programu inayopokea ujumbe) mwenye skima mpya anaweza kusoma data ya zamani. Kwa hiyo wapokeaji hupandishwa kwanza, watumaji baadaye. FORWARD ni kinyume chake: msomaji wa zamani anaweza kusoma data mpya, na watumaji ndio hutangulia. FULL hudai yote mawili. Neno TRANSITIVE likiongezwa, ulinganisho hufanywa na matoleo yote, si la mwisho peke yake. Kafka isipobadilishwa mipangilio huhifadhi ujumbe kwa siku 7, lakini wengi huuhifadhi kwa miezi, na mpokeaji anayeanza kusoma tangu mwanzo hukutana na skima ambazo timu imekwisha kuzisahau.

Chukua skima ya Avro yenye uga wa kiasi cha malipo ulioandikwa kama int (namba kamili ya biti 32). Aina hiyo huishia 2,147,483,647, na kwa anayejumlisha mauzo kwa shilingi ya Tanzania kikomo hicho hakiko mbali. Ukiugeuza uga kuwa long (namba kamili ya biti 64), kanuni ya BACKWARD itakubali, kwa kuwa msomaji wa long husoma int bila taabu. Hata hivyo mtumaji akipandishwa kwanza, mpokeaji ambaye bado ana int atashindwa kusoma, ingawa rejista ilikwisha kuridhia. Rejista hukagua skima. Haijui ratiba yenu, na mpangilio huo lazima uandikwe na kufuatwa na watu. Chini ya FULL badiliko hilo hukataliwa, na njia iliyobaki ni kuongeza uga mpya wenye thamani chaguo-msingi (inayotumika data isipokuwa na uga huo), kisha kuuacha ule wa zamani taratibu.

Kwa fasili za OpenAPI, mimi hutegemea kanuni ya uhalali pamoja na macho ya mtu wa timu inayoitumia API hiyo, kwa sababu badiliko linaweza kuwa halali kisarufi na bado likavunja programu ya simu iliyokwisha kusambazwa.

Usajili usifanywe kwa mkono. Faili za skima zikae pamoja na msimbo kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), na kila pendekezo la badiliko lijaribiwe kwa kutuma toleo jipya likiwa na kigezo dryRun=true, ambacho hukagua bila kuhifadhi. Kanuni ikivunjwa, jibu huwa 409 (namba ya HTTP ya kukataa kwa sababu ya mgongano) na ujenzi wa programu husimama hapo hapo. Usajili wenyewe ufanyike baada ya badiliko kukubaliwa, kwa akaunti ya mfumo wa ujenzi. Watu wengine wapewe ruhusa ya kusoma tu.

Toleo lililopitwa na wakati lipewe hali ya DEPRECATED, wala lisifutwe. Ujumbe ulio kwenye Kafka kwa kawaida hubeba namba ya skima tu, si skima yenyewe, na namba hiyo isipopatikana tena kwenye rejista, ujumbe hubaki baiti zisizosomeka.